Sahihi ya Jicho

Jumatatu, 3 Februari

Mzee Msimamizi,

Shikamoo. Hatufahamiani. Mimi ni binti, fundi wa mashine za hospitali. Karakana yangu iko chini kabisa ya jengo, kati ya chumba cha kufulia mashuka na tangi la maji, ndiyo maana wenzangu huniita Fundi wa Chini. Pampu zetu kumi na nne za dripu zinaendeshwa na programu yako, ile unayoitoa bure na kuuacha msimbo wake, maandishi yanayoiongoza, wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha. Nimeusoma wote. Ilinichukua miezi miwili na miwani mipya.

Mwezi uliopita, kitanda namba sita alikuwepo mzee aliyekuwa akipewa dawa ya moyo. Alifariki asubuhi. Nesi akamfuta kwenye kioo cha pampu, mashuka yakabadilishwa, na kabla ya saa sita akalazwa mama aliyetoka kupasuliwa mguu. Kioo kilionyesha kipimo cha yule mama. Ndani, pampu ilikuwa ikitiririsha kwa kipimo cha marehemu. Nesi aliyaona matone yanakimbia akaifunga kwa mkono. Mama alikaa siku mbili hajui yuko wapi, na mpaka leo mkono wake wa kushoto hauna nguvu.

Unajua chanzo chake kuliko mimi. Programu inaazima nafasi katika kumbukumbu ya mashine, inaandika humo kipimo cha mgonjwa, akitoka inairudisha. Lugha mliyoitumia haimzuii mtu kwenda kusoma tena kwenye nafasi aliyokwisha kuirudisha. Ni kama mpangaji aliyehama na bado anaingia na ufunguo wa zamani.

Sehemu ya vipimo nimeiandika upya kwa lugha mpya, ile inayogoma kabisa ukijaribu kosa la aina hiyo. Naomba muipokee.

Wako,
Fundi wa Chini


Alhamisi, 6 Februari

Fundi wa Chini,

Marahaba. Kila mwaka ananijia mtu na lugha mpya mkononi, amefurahi utadhani yeye ndiye aliyeizaa. Nawapenda, nawapa kiti, kisha nawaambia hapana.

Habari ya kitanda cha sita imenikosesha raha na sikufichi. Kosa nimelipata. Nimelirekebisha kwa mistari miwili, kwa lugha ileile iliyotulea. Pakua toleo jipya leo.

Kuhusu lugha yako, hata ningetaka siwezi. Hapa kwetu kuna sheria moja tangu siku ya kwanza: badiliko lolote, hata la nukta, linahitaji sahihi mbili, yangu na ya Jicho. Jicho ndiye tuliyeianza naye kazi hii, miaka ishirini na mbili iliyopita, katika chumba cha kupanga juu ya karakana ya seremala, tukipumua vumbi la mbao. Tulimwita Jicho kwa sababu hakuna kosa lililompita. Yuko mji wa mbali siku hizi na hatuzungumzi sana, ila kila Alhamisi namtumia mabadiliko naye anasaini. Na Jicho hataki lugha mpya. Akishasema hapana, hata umlilie.

Msimamizi


Jumanne, 25 Februari

Mzee,

Toleo jipya tuliliweka. Siku kumi na moja baadaye ikatokea tena, kitanda cha kumi na moja, kwa mlango mwingine wa msimbo. Safari hii nesi alikuwa amesimama palepale, hakuna aliyeumia. Sasa manesi wanakataa kutumia pampu kwenye kitanda alichofia mtu. Wanasema ina mzimu. Nawaambia ni hitilafu, na wananijibu: haya, tofauti ni nini? Jana nilikuwa na pampu ya kitanda cha sita mezani, haijaunganishwa na mtu yeyote, nikaiambia "basi, amekwenda", kwa sauti. Dobi alikuwa mlangoni ananitazama.

Kuna jingine. Nimeyapekua majadiliano yenu ya zamani, kwa kuwa nayo mmeyaacha wazi. Miaka saba iliyopita aliyeomba lugha mpya ni Jicho. Uliyekataa ni wewe. Ukamwambia mbele ya watu wote kwamba macho yamemchoka, ndiyo maana anataka lugha ya kumshika mkono. Baada ya hapo hajaandika tena neno refu.

Kwa nini umenidanganya?

Fundi wa Chini


Jumamosi, 1 Machi

Binti,

Umenivua nguo barabarani, na nilistahili.

Ndiyo, alikuwa yeye. Nilimjibu vile kwa sababu alikuwa na haki na watu walikuwa wakitutazama. Zamani Jicho alikuwa akiniandikia nusu ukurasa wa matusi juu ya koma moja, nami nikicheka peke yangu hapa mpaka mke wangu anachungulia. Tangu siku ile ananijibu neno moja tu, "Nimekubali". Nami kila Alhamisi nikituma mabadiliko namwekea mstari mmoja chini. Huku mvua imekata. Mgongo unanisumbua. Mke wangu alipofariki, nilimwandikia hilo pia. Likarudi neno lilelile. Nikasema, ana kinyongo, lakini anasaini. Mtu asiyekutaka hawezi kukusainia miaka saba.

Ukitaka ukweli, lugha yako naiogopa kwa sababu nikiipokea nitakuwa nimekiri kwamba tulipoteza miaka saba bure. Haya, nimekiri. Nitumie kazi yako, nitaiweka mbele yake Alhamisi. Mimi lugha hiyo siijui, kwa hiyo yeye ndiye atakayesoma kwa niaba yetu wote wawili. Akisaini, nami nasaini.

Msimamizi


Alhamisi, 13 Machi

Binti, binti, binti!

Amesaini! Nimetuma saa tatu na dakika ishirini, saa tatu na dakika ishirini na nne amesaini. Hakubishana hata koma. Nilimwekea mstari chini: "Ulikuwa na haki. Nisamehe." Na yeye: "Nimekubali."

Unaelewa? Nimekubali! Nimelisoma mara kumi. Nimetoka nje nikamsalimia jirani ambaye hatusalimiani.

Nami nimesaini papo hapo. Jumatatu tunatoa toleo jipya kwa hospitali zote.

Msimamizi


Ijumaa, 14 Machi

Kwa Jicho,

Shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika sehemu mpya ya vipimo uliyoisaini jana. Nimepata anwani yako kwenye orodha ya wakaguzi.

Naona aibu kubwa. Leo asubuhi nimegundua kwamba nilituma faili ambalo sikukusudia. Ni rasimu ya Januari, imekatika katikati ya sentensi, na mahali pa hesabu ya matone nimeandika "malizia hapa". Mtu anayejua lugha hii angeliona kwenye ukurasa wa kwanza. Mtu asiyeijua kabisa angeliona pia. Nimesoma ukaguzi wako wa zamani, ukurasa kwa ukurasa. Uliwahi kurudisha kazi kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi.

Uliisaini kwa dakika nne. Ni mistari elfu mbili.

Sisemi haya kwa ubaya. Nataka tu kujua kama uko salama.

Fundi wa Chini


Jumapili, 23 Machi

Mwanangu,

Marahaba kwa niaba yake. Mimi ni mke wake. Jicho wangu amefariki, Agosti ijayo itatimia miaka mitatu.

Nimeiacha barua yako siku tisa kwenye simu yake. Niliifungua, nikaifunga, nikaenda kufua visivyokuwa na uchafu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama yuko salama.

Alipougua, mikono ilianza kukataa. Kila Alhamisi simu ililia, naye akaniambia, tazama jina la juu, kama ni la Msimamizi, bonyeza palipoandikwa "Nimekubali", huyo hakosei. Basi nikawa nabonyeza. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi ikalia tena. Nyumba ilikuwa na watu, viti vya kuazima vimejaa sebuleni. Nikaingia chumbani nikabonyeza. Nilidhani ni kwa siku ile tu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Sijawahi kutia vema kwenye daftari ambalo sijalisoma. Mtoto akinidanganya namrudishia. Na hiki ndicho nilichokifanya, kila wiki, kwa jina lake. Sijui programu hizo ni za nini hasa. Alikuwa akiniambia ni za kusaidia wagonjwa. Naomba uniambie kwamba hakuna kilichoharibika.

Mama


Jumatatu, 24 Machi

Mzee,

Usilitoe toleo. Nilikupigia siku ile ya Ijumaa na tena Jumatatu iliyopita, nikasema tu kuna kasoro, nawe ukacheka ukasimamisha. Sasa nakwambia sababu, na naomba usome ukiwa umekaa.

Jicho amefariki. Ni karibu miaka mitatu. Mke wake ndiye amekuwa akibonyeza, kwa kuliamini jina lako. Wewe ulisaini kwa kuliamini jina lake. Mimi nilituma faili bovu nikiwaamini nyote wawili.

Badiliko lililoleta kosa la kitanda cha sita liliingia Novemba mwaka juzi. Lina sahihi mbili. Yako, na ya mtu aliyekuwa kaburini mwaka na zaidi.

Mama huyo ameniuliza kama kuna kilichoharibika. Nimemjibu kwamba sijui. Ni uongo wangu, nimeubeba mimi.

Pampu zote kumi na nne nimezifungia kabatini. Manesi wanahesabu matone kwa macho, na saa mkononi, wawili kwa wagonjwa thelathini.

Fundi wa Chini


Ijumaa, 18 Aprili

Mzee,

Wiki tatu na ushei na hujibu. Kazi yangu nimeimaliza sawasawa, na fundi mwenzangu wa hospitali nyingine, anayeijua lugha hii vizuri, ameisoma siku sita na kunirudishia makosa ishirini na saba. Yuko tayari kuwa mkaguzi. Lakini programu yako haimkubali. Kumwingiza yeye ni badiliko, na badiliko linataka sahihi mbili, na ya pili ni ya Jicho. Hata kumtoa Jicho kunahitaji sahihi ya Jicho.

Jana nesi mmoja alisinzia akiwa amesimama, kidole juu ya saa. Naomba uandike, hata kwa hasira.

Fundi wa Chini


Alhamisi, 24 Aprili

Shemeji,

Sijui nianzie wapi, nami ni mtu wa maneno mengi, unanijua. Nilikuwa msimamizi wa harusi yako. Nilishika pete.

Tangu nipate habari nimekuwa nikisoma. Mabadiliko yaliyopita tangu Agosti ile ni mia moja na tisa. Nimeyasoma yote, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma yeye, nikiuliza kila mahali: Jicho angesema nini? Nimepata makosa matatu ambayo yeye angeyaona akiwa anakunywa chai. Yote ni yangu. Nilikuwa nimezoea kuwa kuna mtu nyuma yangu, nikaacha kutazama ninapokanyaga. Mojawapo lilimdhuru mama mmoja hospitalini. Binti wa karakana hakutaka kukuambia. Nakwambia mimi, ili usije ukalisikia kwa mwingine ukadhani ni lako. Kidole kilikuwa chako, kosa ni langu.

Sasa nina ombi ambalo sina uso wa kuliomba. Sheria yetu haimtoi mkaguzi bila sahihi yake mwenyewe. Tuliiandika sisi wawili, tukajiona wajanja. Nimetuma badiliko moja kwenye simu yake, mistari minne tu. Linamtoa yeye na kumwingiza mkaguzi mpya, ili kazi ya binti ipite na pampu zitoke kabatini. Naomba ubonyeze mara moja ya mwisho.

Shemeji yako


Ijumaa, 2 Mei

Shemeji,

Nimepata. Sijabonyeza.

Kwanza nikwambie niliyomficha yule binti, maana ni mtoto na alinijia kwa upole. Sikukupigia simu alipofariki, na si kwa kusahau. Namba yako ilikuwa ukutani. Mume wangu alikaa mwaka mzima baada ya maneno yako akijipima macho dirishani, akisoma vibao vya maduka ng'ambo ya barabara, kila asubuhi, kuona kama ni kweli yamechoka. Hakuwa na ugonjwa wa macho. Nilipobonyeza Alhamisi ile ya kwanza nilijiambia: acha adhani yupo hai na hataki kuzungumza naye. Hiyo ndiyo iwe adhabu yake.

Niliifurahia adhabu hiyo miezi michache. Kisha ukaanza na mistari yako. Mvua, mgongo. Watu wote walikuwa wameacha kumtaja, hata watoto wetu wakilitaja jina lake hushusha sauti. Wewe peke yako ulikuwa ukimsemesha kama mtu aliyeko chumba cha pili. Ulipoandika kwamba mkeo amefariki, nilikaa na ile simu mpaka chakula kikaungua. Nilitaka kuandika pole. Lakini marehemu hawezi kuandika pole, na mimi nilikuwa nimejificha ndani yake. Nikabonyeza. Nisamehe kwa hilo kuliko yote.

Ya mama wa hospitali nimeyasikia. Usinigawie kosa kidogo kidogo kama mgonjwa. Nitabeba sehemu yangu.

Sasa hiyo mistari yako minne. Nimempigia binti akanieleza kila mmoja, nami nikaandika kwenye daftari. Wa kwanza ni jina la faili. Wa pili unamtoa Jicho. Wa tatu unaeleza sababu. Wa nne unamwingiza mgeni. Kosa liko katika wa tatu. Umeandika "hashiriki tena". Hashiriki tena ni mtu aliyesusa. Ni mtu aliyepata kazi nyingine. Nimeurudisha. Andika kilichotokea.

Mke wa Jicho


Jumapili, 11 Mei

Shemeji,

Umerudisha kazi yangu kwa sababu ya maneno mawili. Nililiona neno "Sijakubali" chini ya jina lake. Miaka saba sijaliona neno hilo.

Nimerekebisha. Imenichukua siku tisa, na siyo kwa ugumu wa msimbo. Nilikaa mbele ya kompyuta na kila nikifika pale vidole vinaandika kitu kingine. Ameondoka. Amepumzika. Hayupo nasi. Nikafuta, nikafuta. Mpaka jana asubuhi nikaliandika, nikaondoka mezani haraka nisije nikalifuta.

Sasa mstari wa tatu unasema: "Amefariki, tarehe", halafu pako wazi. Tarehe siijui. Binti ameniambia ni Agosti tu. Nimeona haya kuuliza, kwa kuwa mtu wa karibu haulizi. Mtu wa karibu alikuwepo.

Naomba unijazie.

Shemeji yako


Alhamisi, 15 Mei

Shemeji,

Tarehe kumi na sita, Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekwenda jikoni kumchemshia maji ya kuoga. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu alipenda kusikia watoto wakienda mapumziko. Niliporudi alikuwa amegeuza uso upande wa barabara. Hakuteseka siku ile. Siku za nyuma aliteseka, siku ile hapana.

Binti amenielekeza pa kuandika, tarehe nimeijaza kwa mkono wangu. Nimesoma mistari yote minne kwa sauti, hapa sebuleni, polepole, kama ninavyowasomesha wanangu darasani. Haina kosa. Nimekubali. Binti amenipigia sasa hivi kusema kazi yake imepita, na kwamba watazipima pampu wiki nzima kabla ya kumfungia mgonjwa yeyote. Nikamwambia wapime wiki mbili.

Baada ya kubonyeza nilikaa, nikakuwaza wewe huko uliko na ile tarehe mbele yako. Sisi tulilia wakati ule, nyumba ilijaa, majirani walikuja mpaka wakachoka, tukaliwazwa. Wewe umefiwa mwezi wa tatu huu, peke yako, na kila mtu alikuwa akikueleza juu ya makosa. Hakuna hata mmoja aliyekupa pole.

Pole sana, shemeji. Pole kwa kufiwa na rafiki yako.

Mke wa Jicho